Migwani, na Kababu za Malai



Wasomaji wetu wapenzi, na hasa mama na dada zetu ambao husoma ukurasa huu jikoni hali sufuria iko motoni, safari tunayowasimulia leo ilitupeleka Migwani, katika kaunti ya Kitui. Wengi wetu hapa Mombasa tukiitaja Ukambani, fikra zetu huishia Mtito Andei na Kibwezi, pale basi linaposimama na abiria wakashuka kununua machungwa. Migwani iko mbele zaidi, juu ya vilima, kati ya mji wa Kitui na mji wa Mwingi. Tulikwenda Disemba iliyopita, ndugu wanne wa kike wa nyumba moja pamoja na watoto wawili, na tulikwenda kwa sababu tulikuwa na deni.

Deni lenyewe si la fedha. Ndugu yetu wa kiume, aliye kitinda mimba, alioa Migwani. Wifi yetu alisilimu kwa hiari yake miaka miwili kabla ya nikaha, na jambo hilo halikuleta ugomvi kwetu wala kwao. Mwaka 2015 tulikwenda kwa mara ya kwanza kuwatambua wakwe. Ili tuepukane na mashaka ya chakula, tulipika wenyewe usiku kucha: pilau, sambusa na kuku wa kupaka. Tukavipakia katika hotpoti tatu, tukasafiri navyo njia nzima ya kuzungukia Machakos. Tulipofika tulizifungua hotpoti zetu sebuleni mwa watu, tukala, na tukamkaribisha mwenye nyumba ale nasi katika nyumba yake mwenyewe. Mezani palikuwa na sahani kubwa iliyofunikwa kwa kawa. Hakuna kati yetu aliyeifunua.

Miezi mitatu baadaye, wifi akiwa anaosha vyombo na mgongo ametupa, ndipo alipotwambia. Chini ya ile kawa palikuwa na kuku, na kuku huyo alichinjwa na Muislamu ambaye mama yake alimwita kutoka Mwingi na kumlipia nauli ya kuja na kurudi. Sisi hatukuuliza, na yeye aliona haya kutueleza.

Baada ya hapo Mama (nasi humwita hivyo, kama anavyoitwa na wanawe) alikuja Mombasa mara mbili. Alikaa nasi kwa uzuri, akala kila alichoandaliwa, akawasuka nywele watoto. Lakini hakutualika tena. Mwaliko ulikuja Novemba, kwa simu, naye alizungumza na dada yetu mkubwa bila kupitia kwa mtu. Alisema tuje tule kwake, tuchinje wenyewe, na ndugu yetu aje na kisu chake. Kisha akaongeza kwamba angetupikia mipira ya nyama ya Wazungu. Hilo la mwisho hatukulielewa, na kusema kweli lilitutia hofu.

Tulipanda treni ya asubuhi, ile isimamayo vituo vya kati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, kisha Kibwezi, ambako tuliteremka. Ndugu yetu alitupokea kwa gari, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya, tukaanza njia ya Kitui. Mwaka 2015 njia hii ilikuwa vumbi tupu, ndiyo sababu tulizunguka. Sasa ni lami kutoka Kibwezi kupitia Ikutha, Mutomo na mji wa Kitui, kisha Kabati na Migwani, hadi inapokutana na barabara kuu ya Thika na Garissa huko Mbondoni. Ukishavuka mto Athi unapanda uwanda wa Yatta, ambao wataalamu wa miamba wanatueleza kuwa ni mtiririko wa kale wa lava, mrefu wa karibu kilomita 300. Kwa macho yetu ulikuwa ni mlima uliokatwa kichwa kwa msumeno.

Baada ya hapo ni mibuyu. Tunajidai kwamba mibuyu ni ya pwani, na mabuyu ya rangi nyekundu ni sifa ya vichochoro vyetu, lakini matunda mengi yanayotiwa rangi na sukari Mombasa huteremka kwa magunia kutoka nyika hizi. Hata njia yenyewe si mpya. Katika karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wakamba ndiyo iliyoleta pembe za ndovu Mombasa kupitia Rabai, ikarejea na nguo, shanga na shaba. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alifahamika vizuri huku kwetu. Na ni kwa ukarimu wake mmisionari Mjerumani Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akauona kwa mbali mlima Kenya na theluji yake. Basi jamaa hawa na sisi tumekuwa tukilana chumvi kwa muda mrefu kuliko hotpoti zetu.

Migwani yenyewe ni mji mdogo: barabara moja yenye maduka, soko, shule na makanisa, na pande zote mashamba yanayoteremka mabondeni. Tulifika mvua za vuli zikiwa zimeshuka vizuri. Huko mvua hizi za Oktoba hadi Disemba ndizo zinazotegemewa kuliko za masika, kwa hiyo tulikuta kila kitu ni kijani. Pojo, ambazo wao huziita ndengu na ambazo Kitui ina sifa nazo Kenya nzima, zilikuwa zimeanza kutoa maganda. Kilichotushangaza zaidi ni jinsi miteremko ilivyokatwa ngazi ngazi, tuta baada ya tuta, mpaka chini mtoni. Tulimwuliza Mama ni nani aliyezichimba ngazi zote zile.

“Sisi,” akajibu. “Wanawake. Na Waswidi walileta majembe.”

Hapo ndipo tulipoanza kuielewa ile mipira ya nyama. Mwaka 1974 serikali ya Kenya, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uswidi liitwalo SIDA, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo, na Ukambani, ambako mvua chache zikija huja kwa hasira na kuondoka na shamba, ilifanyiwa kazi kubwa. Matuta yaliyosambazwa zaidi yanaitwa fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, na udongo unautupa upande wa juu, si wa chini. Tuta linalofanyika linazuia maji na udongo. Unalipanda majani ili lishike. Na mwaka baada ya mwaka, shamba lililo nyuma yake linajisawazisha lenyewe. Leo ukifungua kitabu cha kilimo kilichoandikwa kwa Kiingereza kuhusu nchi kavu, hata cha nchi za mbali, utakuta maneno hayo mawili ya Kiswahili yameandikwa hivyo hivyo bila kutafsiriwa. Wakulima wa Machakos walikuwa wakiyachimba tangu miaka ya 1950, lakini mpango huu ndio ulioyaeneza sana.

Mama alikuwa na miaka 19 alipopata kazi ya kupika katika nyumba ya mhandisi mmoja Mswidi aliyeishi Machakos. Alikaa nao miaka minne. Mke wa mhandisi hakujua Kiswahili wala Kikamba, naye Mama Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, kwa hivyo alifundishwa kwa mikono. Huonyeshwa mara moja, mara ya pili hufanya mwenyewe, na ya tatu huachiwa jiko. Kila Alhamisi walikula vitonge vya nyama katika mchuzi wa malai. Kwao jina lake huandikwa köttbullar, na hutamkwa karibu na “shotibula”, kama Mama anavyoendelea kulitamka hadi leo, kwa Kiswidi safi kwa kadiri tunavyoweza kuhukumu sisi. Familia hiyo ilipoondoka ilimwachia zawadi: mashine ya chuma ya kusagia nyama, ile ya kufungwa pembeni mwa meza na kuzungushwa kwa mkono.

Asubuhi ya siku ya pili ndugu yetu alimchinja mbuzi mwenye rangi ya maziwa, wa aina ile inayostahimili ukame. Mama alisimama karibu akatazama mpaka mwisho. Kisha akatuingiza jikoni na kutuonyesha vyombo. Sufuria mbili na kikaango vilikuwa bado vimefungwa katika magazeti ya dukani. Hakutaka kuvifungua kabla hatujaviona. Kisu kipya. Ubao mpya wa kukatia. Mwiko mpya. Tuliangaliana, na hakuna aliyeweza kusema neno. Halafu akaileta ile mashine, imesuguliwa mpaka inang’aa, akaifunga mezani.

Dada yetu mkubwa akauliza kwa sauti ya chini kile ambacho sote tulikuwa tukikifikiri: Waswidi wale walikuwa wakisaga nyama gani?

Mama hakuficha. Nusu ya ng’ombe, nusu ya nguruwe, ndivyo kwao ilivyo. Tangu alipokuja nayo Migwani haijasaga nguruwe, lakini huko Machakos ilisaga, kila Alhamisi, kwa miaka minne. Akaendelea kusema kwamba bintiye alimweleza kwa simu namna ya kuiosha, maji mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo safi, na kwamba ameshafanya hivyo siku mbili kabla hatujafika, kwa udongo alioutoa shambani.

Wasomaji wetu wanajua kwamba sisi wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na kwamba najisi ya nguruwe tunaihesabu kama ya mbwa katika uzito wake na katika namna ya kuitwaharisha. Kwa hiyo Mama alikuwa amefanya sawasawa na ilivyo katika vitabu vyetu. Tatizo halikuwa hukumu, lilikuwa moyo. Dada yetu mkubwa alisema, kwa adabu yake yote, kwamba angetulia zaidi kama angeiosha kwa mkono wake. Ilikuwa ni ile kawa ya 2015 inarudi mezani, na wifi yetu akaondoka jikoni.

Hatukuzingatia jambo moja: maji. Huko maji ya kupikia hayatoki mferejini. Yanachotwa katika mchanga wa mto, penye bwawa la mchanga, yaani ukuta wa mawe na saruji uliojengwa kukata mto wa msimu, ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji ndani kama sifongo, jua lisiweze kuyafikia. Kitui ina mamia ya mabwawa hayo. Ni hekima kubwa, lakini bado mtu huteremka na punda na mitungi ya lita 20, kisha hupanda navyo. Kuosha mashine mara saba, na kila kipande chake kimefunguliwa, kulimaliza zaidi ya nusu mtungi.

Mama alimimina yeye mwenyewe. Alihesabu kwa sauti, kwa Kikamba, na alipofika mara ya udongo alitoka akarejea na kiganja kilichojaa. Tulipomaliza alisema: “Mashine hii sasa imeoshwa kuliko mtoto mchanga.” Akacheka, na kicheko chake kilitusaidia, ingawa wifi alichukua muda kurudi.

Sasa tuje kwenye mapishi, maana tunajua wako waliokuwa wakiyasubiri. Vipimo hivi ni vya kilo moja ya nyama, na hutoa kababu kama 50, za kutosha watu 8. Sisi tulitumia mbuzi, paja na mkono, pamoja na mafuta kidogo, kwani mbuzi peke yake ni mkavu. Nyumbani Mombasa tumeshajaribu kwa ng’ombe na zimekuwa laini zaidi.

Nyama isagwe mara mbili. Boflo la siku iliyopita, vipande 4 bila ukoko, livunjwe ndani ya kikombe kimoja cha maziwa na liachwe robo saa mpaka liwe uji. Usiliruke jambo hili. Mkate uliolewa maziwa ndio unaozuia nyama isijifunge na kuwa ngumu. Ukiiacha hatua hii utapata kababu nzuri za mkaa, lakini si hizi. Kitunguu maji kikubwa kimoja kikatwe kidogo kidogo, kikaangwe kwa siagi na moto wa chini hadi kilainike bila kugeuka rangi, kisha kipoe. Changanya vyote na mayai 2, chumvi vijiko 2 vya chai, pilipili manga nusu kijiko, na kungumanga iliyokunwa, kiasi cha robo kijiko. Waswidi hutia pia kiungo kingine chenye harufu inayofanana na karafuu na mdalasini zikiwa pamoja. Mama hutia chembe ya kila kimoja. Hakuna kitunguu thaumu, hakuna tangawizi, hakuna bizari, hakuna pilipili hoho. Mmoja wetu aliuliza mara mbili kama hakuna hata dhania.

Kanda mpaka mchanganyiko ushikane na uanze kunata mkononi. Uache upoe nusu saa. Kisha lowesha viganja kwa maji baridi na ufinyange vitonge vidogo, vya ukubwa wa limau changa.

Kazi ya kufinyanga ni ndefu, na ndipo mazungumzo yalipofunguka. Mmoja wetu ni mwalimu, naye alieleza habari ambayo Mama hakupata kuisikia. Mwaka 1709 mfalme wa Uswidi, Karl wa 12, alishindwa vitani na Warusi huko Poltava, akakimbilia katika dola ya Waislamu wa Uthmaniya. Akakaa Bender, mji ulioko Moldova ya leo, hadi 1713, akiwa mgeni wa Sultani pamoja na mamia ya watu wake. Husemwa kwamba wao ndio waliorudi kwao na mapishi ya Kituruki: majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama, kwa vile zabibu hazimei Uswidi ili yatumike majani yake, na vitonge hivi vya nyama. Mwaka 2018 akaunti rasmi ya nchi ya Uswidi katika Twitter ilitangaza kwamba kababu zao asili yake ni kwa mfalme huyo, na Waturuki wakafurahi sana. Wanahistoria ni waangalifu zaidi. Habari ya kabichi wanaikubali kwa wepesi, ile ya vitonge wanaibishania, kwani kusaga nyama na kuifinyanga ni jambo ambalo watu wengi wanaweza kulifikia wenyewe. Lililo wazi ni kwamba vitonge vya nyama vimo katika kitabu cha mapishi cha Bibi Cajsa Warg, kilichochapwa Stockholm mwaka 1755, na kwamba neno kofta, ambalo Waturuki hulitamka köfte, limetoka katika Kiajemi kwa maana ya kitu kilichopondwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa nyama. “Kumbe,” akasema, “nililipwa mshahara kujifunza chakula chenu.”

Tuendelee. Kaanga vitonge kwa siagi na mafuta kidogo, moto wa wastani, vichache kwa vichache. Ukivijaza kikaango vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Vigeuzwe kwa kutikisa kikaango, visichokolewe kwa uma. Vikishapata rangi pande zote viondoe, hata kama ndani havijaiva sana.

Usikioshe kikaango. Ule ukoko wa kahawia ulioganda chini ndio mchuzi wako. Tia vijiko 2 vya kulia vya siagi, na ikiyeyuka nyunyiza vijiko 3 vya kulia vya unga wa ngano, ukoroge mpaka unga unukie. Mimina supu ya mifupa vikombe 2, kidogo kidogo, huku ukikwangua chini. Acha ichemke dakika tano. Hapo punguza moto, ndipo utie malai kikombe kimoja, haradali nusu kijiko cha chai, chumvi na pilipili manga. Rudisha vitonge ndani na uviache dakika kumi, mchuzi ukitoa mapovu ya polepole tu. Moto mkali utayakata malai, na mchuzi uliokatika haurudishiki.

Malai ya dukani hapatikani Migwani, na Mama hakuyatafuta. Kwa siku tatu alikuwa akichemsha maziwa ya ng’ombe wa jirani, akiyaacha yapoe usiku, na asubuhi akaondoa tabaka la juu kwa kijiko. Maziwa ya mbuzi hayafai kwa jambo hili, kwa sababu mafuta yake ni chembe ndogo mno na hayapandi juu kwa urahisi. Na hili alilijua kwa kulijaribu miaka iliyopita.

Kwa Waswidi chakula hiki huliwa na viazi, na pembeni huwekwa jemu ya lingon, tunda dogo jekundu la misitu ya baridi, chachu sana. Mama hajaliona tunda hilo tangu wale watu walipoondoka. Badala yake aliroweka ukwaju wa miti ya huko kwao, akauchuja, akaupika na asali ya Mwingi hadi ukawa mzito na mweusi. Hauingizwi katika mchuzi, kwani uchachu wake nao huyakata malai. Huwekwa pembeni ya sahani, na kila kababu huuonja kidogo. Tunathubutu kusema kwamba ukwaju huu unashinda lingon, ingawa lingon hatujapata kuionja. Pamoja na viazi vya kuponda aliandaa pia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa maganda na kupikwa na maharage, akasema viazi ni vya Waswidi, na muthokoi ni wa mtu mwenye njaa.

Tulikaa kwenye mkeka chini ya mwembe, wao na sisi, pamoja na majirani watatu waliokuja kuona watu wa Mombasa wakila. Mama hakuketi. Alisimama mlangoni mwa jiko, kitambaa mkononi. Dada yetu mkubwa akapiga bismillahi na kuchukua wa kwanza. Alikula kababu tatu kimya kimya. Akaongeza mchuzi. Kisha akageuka na kusema kwa sauti iliyosikika na wote: “Mama, yule kuku wa mwaka ule. Tusamehe.”

Mama aliuliza, “Kuku gani?” kama aliyesahau. Akaja, akaketi kati yetu, akajipakulia. Alipokwisha kutafuna tonge la kwanza akasema: “Alikuwa jogoo. Nilimfuga miaka miwili.”

Hakuna aliyeongeza neno. Wifi alimsogezea bakuli la ukwaju.

Kwa wale watakaopika nyumbani, mambo machache yamebaki. Malai ya pakiti yanafaa, na huhitaji kuyapunguza. Asiyekuwa na mashine amwombe mchinjaji wake asage kima mara mbili mbele ya macho yake. Watoto wetu wamependa kababu hizi kuliko katlesi, labda kwa kuwa hazina pilipili, na wanaotia ndimu katika kila kitu tunawaomba waitie pembeni. Ndugu zetu walioko Ulaya tunawakumbusha jambo wanalolijua: kababu hizi zikiwa za duka au za mkahawa, desturi ni kuchanganya ng’ombe na nguruwe. Hata maelekezo ambayo kampuni ya IKEA iliyatoa hadharani Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa korona, yanataja nyama zote mbili. Za nyumbani hazipungukiwi na chochote kwa kuliacha hilo, na hilo tunalisema baada ya kula nyingi.

Tuliondoka siku ya nne, baada ya alfajiri, ili tuiwahi treni Kibwezi. Safari hii tulikuwa tumekuja na hotpoti moja tu, ndani yake mna halua na kahawa ya kusaga, zawadi kwa mwenye nyumba. Mama aliitoa halua, akaiosha hotpoti, na alipoileta garini ilikuwa nzito. Alikuwa ameamka usiku akasaga nyama iliyobaki. Alimkabidhi dada yetu mkubwa mkononi, akamwambia mashine ameiosha mara moja tu, kwa sabuni.

Dada aliipakata njia nzima, Kitui, Mutomo, Ikutha, hadi Kibwezi, hakukubali iwekwe nyuma na mizigo. Ndani ya treni aliifungua kabla hatujapita Mtito Andei, akawagawia watoto, kisha akawagawia abiria wawili waliokaa mbele yetu. Tulipofika Voi palikuwa pamebaki mchuzi.